RAMANI HUCHORWA KWA MIGUU



Kamati ya jarida hili imeniomba niandike machache kuhusu kazi yangu. Nilipoitafakari kazi hiyo niliona kwamba mtumishi wa serikali aliyekaa katika ofisi ya mipango kwa miaka ishirini na ushei hana mengi ya kuwasimulia watu wakafurahi. Mafaili ni mafaili. Lakini ipo kazi moja niliyoifanya kwa miezi michache tu, mwaka 2001, nilipokuwa nimemaliza kidato cha sita na kusubiri kuingia Chuo Kikuu. Ilikuwa kazi ya kupita nyumba hadi nyumba mlimani, kuandika majina ya watu, kuuliza nani ana homa, na kutia alama kwenye ramani. Miezi hiyo michache ilinifunza kuliko miaka yote iliyofuata.

Baadaye nilikuja kutambua kwamba kazi ile ina historia ndefu katika mlima wetu na milima jirani ya Upare na Usambara, tena ni historia ambayo hatukufundishwa darasani. Hiyo ndiyo nitakayoisimulia hapa. Na kwa kuwa nasema na watu wa nyumbani, sitalificha kosa nililolifanya mimi mwenyewe katika kazi hiyo.

Ramani ya wazee

Kila aliyepita katika shule yetu anakumbuka asubuhi za baridi, tulipokuwa tukitoka mchakamchaka na kusimama mstarini huku mawingu yakiondoka. Nyuma yetu kulikuwa na migomba, kahawa na mifereji ya maji. Mbele yetu, chini kabisa, ilionekana tambarare inayokwenda Kahe na Arusha Chini, ikiwa imegeuka rangi ya vumbi wakati wa kiangazi. Mtu alikuwa akitazama nchi mbili akiwa amesimama mahali pamoja.

Wazee wetu waliishi katika nchi hizo mbili kwa kanuni maalum. Kihamba, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kilikuwa mlimani. Shamba la mahindi, maharage na ulezi lilikuwa chini. Watu waliteremka kulima na kuvuna, na akina mama waliteremka kukata majani ya ng'ombe, lakini jua lilipoanza kuinama walishika njia ya kupanda. Kulala tambarare lilikuwa jambo la kuogopwa, na anayelala huko bila sababu alionekana mpumbavu. Aliyeuliza sababu alijibiwa kwamba chini kuna homa.

Wazee hao hawakuwa na darubini wala karatasi, lakini ramani walikuwa nayo. Mpaka wa homa waliujua, nao waliupanga ujenzi, kilimo na ndoa kwa kuufuata. Yafaa tukumbuke jambo hili kabla ya kuanza kutaja majina ya wataalamu kutoka ng'ambo, kwa maana mara nyingi kazi ya wataalamu hao ilikuwa kuthibitisha kwa tarakimu yale ambayo wenyeji waliyasema zamani.

Mfano mzuri ni ule wa Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882. Daktari huyo alifika nchini mwetu mwaka 1897, wakati wa utawala wa Wajerumani. Katika ripoti zake alieleza kwamba watu wa milima ya Usambara hawakuwa wakiugua malaria huko juu, ila walipoteremka tambarare ndipo walipoipata. Wenyeji walimweleza kwamba huko chini huumwa na wadudu waitwao mbu, nao ugonjwa wenyewe waliuita kwa jina hilo hilo, mbu. Katika mwaka huo huo wa 1897, mwezi Agosti, Ronald Ross alikuwa India akiangalia tumbo la mbu kwa darubini, akaona kimelea cha malaria ndani yake. Ross alipata tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wazee wa Usambara hawakupata tuzo yoyote.

Sababu yenyewe ni rahisi kueleza. Kimelea cha malaria kinapoingia ndani ya mbu huhitaji siku kadhaa za kukua kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza mtu mwingine, na kukua kwake hutegemea joto. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi huchukua kama siku 12. Kwenye nyuzi 20 huchukua karibu siku 28. Kwenye nyuzi 18 huchukua karibu siku 56, na joto likishuka hadi nyuzi 16 kukua huko husimama kabisa. Mbu mwenyewe kwa kawaida hufa mapema zaidi ya hapo. Kwa kila meta 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Basi mtu akitoka Moshi mjini akapanda mpaka vijiji vya juu vya Marangu, joto linapungua kiasi cha kutosha kumfanya mbu afe kabla hajaiva. Huo ndio mpaka wa wazee, umeelezwa kwa hesabu.

Kupima bandama

Kujua kwamba homa ipo chini na haipo juu ni mwanzo tu. Serikali inayotaka kupeleka dawa, kujenga zahanati au kunyunyizia nyumba inahitaji kujua ni kijiji gani, watu wangapi, na ukali wake ni kiasi gani. Hapo ndipo ulipoanza upimaji wenyewe.

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria barani Afrika walikutana Kampala. Moja ya mambo waliyokubaliana ni namna moja ya kupima ukali wa malaria mahali popote, ili mtu wa Kisumu na mtu wa Tanga waweze kuelewana. Kipimo chao kilikuwa bandama ya mtoto. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara huvimba bandama, na mganga mwenye uzoefu huweza kuigusa kwa vidole chini ya mbavu za kushoto. Walikubaliana kuwapima watoto wa kati ya miaka 2 na 10. Kama waliovimba bandama hawazidi 10 katika kila 100, mahali hapo pana malaria kidogo. Wakiwa kati ya 11 na 50, ni malaria ya wastani. Wakizidi 50 wakati wote, ni malaria kali, na wakizidi 75 huku watu wazima wakiwa na bandama za kawaida, hapo malaria imekuwa sehemu ya maisha mwaka mzima.

Wadogo zangu mnaosoma sayansi, angalieni jinsi kipimo hicho kilivyokuwa cha bei nafuu. Hakikutaka umeme wala mashine. Kilitaka mtu aende kijijini, awakusanye watoto chini ya mti, na aguse matumbo yao mmoja baada ya mwingine, bila kuruka mtoto. Daktari David Clyde, aliyefanya kazi ya malaria hapa nchini kwa miaka mingi na kuandika kitabu kuhusu malaria ya Tanzania kilichotoka mwaka 1967, aliuandika ugonjwa huo wilaya kwa wilaya, na nyuma ya kila wilaya kulikuwa na safari za namna hiyo.

Upareni na Taveta

Kazi kubwa kuliko zote katika sehemu zetu ilifanyika kusini mashariki mwa Kilimanjaro, katika nchi ya Wapare na ng'ambo ya mpaka huko Taveta, Kenya. Iliongozwa na taasisi ya utafiti wa malaria iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, ambayo ilihudumia Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1954 walianza kwa kupima tu. Waliorodhesha nyumba na watu, walichukua damu na kukamata mbu. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba zilinyunyiziwa dawa iitwayo dieldrin. Kisha unyunyiziaji ukasimamishwa, lakini upimaji uliendelea mpaka mwaka 1966, ili ijulikane ni nini kinatokea baada ya dawa kukoma.

Kunyunyizia kulileta matokeo makubwa. Mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye hupenda kukaa ndani ya nyumba na kuuma watu, alitoweka karibu kabisa. Vimelea katika damu za watu vilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vilishuka.

Hapo lakini palitokea jambo la kuwatatiza. Watafiti Gillies na Smith waliona kwamba mbu wa ukoo ule ule wa funestus walikuwa bado wapo, tena katika sehemu fulani waliongezeka. Mtu anayehesabu mbu kijuujuu angesema dawa imeshindwa. Walipowachunguza mmoja mmoja waligundua kuwa hao walikuwa aina nyingine, Anopheles rivulorum, wanaofanana nao mno lakini ambao kwa kawaida huwafuata ng'ombe kuliko watu. Kwa hiyo idadi ilikuwa kubwa na hatari ilikuwa ndogo. Aliyehesabu bila kutazama angeipotosha serikali mbili kwa wakati mmoja.

Unyunyiziaji uliposimama, malaria ilirudi polepole. Hata hivyo vifo vya watoto havikurudi kufikia kiwango cha zamani, na wachunguzi waliofuata walieleza kwamba katika miaka hiyo dawa za malaria na huduma za zahanati zilikuwa zimeanza kuwafikia watu. Jambo hili lisingejulikana kamwe kama wapimaji wangerudi nyumbani siku ile mabomba yalipowekwa chini. Aidha, ni haki kusema kwamba dieldrin yenyewe baadaye ilionekana kuwa sumu inayokaa mno katika udongo na katika miili ya viumbe, na mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001 uliipiga marufuku.

Nilimfahamu mzee mmoja wa Kipare aliyeanza kazi katika miaka hiyo ya 1950 akiwa kijana wa kubeba bomba. Baadaye alijifunza kusoma vioo vya damu kwa darubini, akazeeka katika kazi hiyo. Nitamrudia mzee huyu baada ya kitambo.

Safari ya gari kuukuu

Msidhani kwamba ramani ilisaidia malaria peke yake. Mwaka 1961 daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, alikuwa anashangazwa na uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto. Alipeleka vikaratasi vyenye picha za uvimbe huo katika hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wameuona. Majibu yalipomfikia aliyaweka kwenye ramani, akaona kama mshipi umekata katikati ya bara. Ili aujue mwisho wa mshipi huo upande wa kusini, mwezi Oktoba mwaka huo yeye na wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakaenda mpaka Afrika Kusini na kurudi, kiasi cha kilometa 16,000, wakiingia hospitali 57 njiani.

Waliporudi walikuwa wameona kwamba uvimbe huo haupatikani kwenye miinuko yenye baridi wala kwenye nchi kavu. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa Entebbe, alipoitazama ramani hiyo alisema inafanana na ramani ya magonjwa yaletwayo na mbu. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London walikiona kirusi katika uvimbe huo, na baadaye ikaja kufahamika kwamba malaria kali ya utotoni huushirikisha mwili na kirusi hicho mpaka saratani ikatokea. Hayo yote yalianzia kwenye maswali mawili ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuyauliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Mpunga wa Moshi Chini

Narudi nyumbani. Ardhi ya mlimani ilikwisha. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka kikawa hakitoshi hata kuzika. Watu wakaanza kuteremka na kulala tambarare, wakiivunja kanuni ya wazee kwa sababu ya haja. Mwaka 1987 mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulikamilishwa kwa msaada wa Japani, na vijiji kama Chekereni na Mabogini vikazungukwa na majaruba ya mpunga.

Wengi waliogopa, na hofu yao haikuwa ya bure. Huko Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa, mifereji ya umwagiliaji ilikuwa imeleta konokono, na konokono wakaleta kichocho cha tumbo. Watafiti, miongoni mwao Alan Fenwick ambaye baadaye alijulikana duniani kwa vita dhidi ya kichocho, walifanya kazi huko katika miaka ya 1960 wakitafuta namna ya kuwaua konokono hao. Sasa maji yalikuwa yanasambazwa tena, na kila mtu anajua kwamba maji yaliyosimama huzaa mbu.

Kati ya mwaka 1994 na 1995 Jasper Ijumba, Frank Mosha na Steve Lindsay walipima vijiji vitatu kwa miezi 12: Chekereni penye mpunga, Mvuleni penye miwa, na Kisangasangeni ambako watu walilima kwa kutegemea mvua. Walikamata mbu ndani na nje ya nyumba, usiku na mchana. Chekereni walipata mbu wa malaria mara nne zaidi ya vijiji vingine. Lakini walipohesabu mbu wenye vimelea, waliona kwamba maambukizo ya malaria Chekereni yalikuwa machache kuliko katika vijiji vile viwili, tena kwa zaidi ya nusu. Mbu wa Chekereni walikuwa wakinywa damu ya watu kwa kiasi kidogo zaidi. Tena mpunga ulikuwa umewapa watu fedha, na mwenye fedha hujenga nyumba bora, hununua chandarua, na hukimbilia dawa mapema.

Sisemi kwamba mbu si kitu. Ninachosema ni kwamba aliyekaa ofisini mjini, akijua tu kwamba mpunga unataka maji na maji huzaa mbu, angepaka Chekereni rangi nyekundu kuliko vijiji vyote vya jirani, na angekuwa amekosea.

Kosa langu

Sasa nakuja kwenye maungamo. Mwaka 2001 niliajiriwa kwa muda kama karani wa utafiti mmoja wa afya mlimani. Sitautaja jina. Kazi ya makarani ilikuwa kutangulia. Tulifika kila nyumba, tukaandika waliomo, tukauliza nani ameugua homa katika majuma mawili yaliyopita na nani amelala nje ya kijiji, kisha tukasoma mahali pa nyumba kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachotumia satelaiti, ambacho sote tulikiita jipiesi. Siku ya pili wapima damu walifuata, wakienda katika zile nyumba tu ambazo karani ameandika kuwa zina mgonjwa.

Siku moja ya mwezi Mei, mvua ya masika ikiwa haijakata, nilibakiwa na nyumba saba zilizokuwa ng'ambo ya korongo. Kivuko kilikuwa cha magogo mawili yenye utelezi, na maji yalikuwa yanavuma. Nilisimama hapo, nikatazama saa, kisha nikarudi nikaketi kwenye kibaraza cha duka nikazijaza fomu saba kwa kichwa changu. Watu watano hapa, sita pale. Homa, hakuna. Aliyelala nje ya kijiji, hakuna. Kwenye nafasi ya jipiesi niliandika kwamba migomba na miti mikubwa ilizuia mawimbi, sababu ambayo kwa vifaa vya miaka ile ilikuwa ikikubalika.

Jioni fomu zilipokelewa na msimamizi wetu, yule mzee wa Kipare niliyemtaja. Alizipekua taratibu, akarudia zile saba, akavua miwani.

"Kijana, ulivuka korongo?"

"Ndiyo, mzee. Nilivuka."

Akatazama miguu yangu. "Na viatu vyako vikavu namna hii?"

Sikuwa na la kujibu. Nilingoja anifukuze mbele ya wenzangu. Badala yake aliziweka fomu pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Nikikushitaki utakwenda kwenu, na nyumba zile zitabaki bila kupimwa. Sifaidiki. Kesho alfajiri tutakwenda mimi na wewe." Wakati huo alikuwa amepita miaka sitini.

Tulikwenda. Alivuka magogo yale kabla yangu, akiwa na fimbo mkononi. Katika nyumba ya sita tulimkuta msichana wa kama miaka sita amelala kwenye mkeka karibu na jiko, amejifunika na anatetemeka. Mama yake alitusalimu, "Shikamoo mzee," kisha akaeleza kwamba mtoto ana siku ya nne, na kwamba yeye alidhani ni baridi ya masika tu, kwani huku juu hakuna mbu. Mzee akamwuliza kama mtoto alilala mahali pengine siku za karibuni. Mama akasema ndiyo, alikaa majuma matatu huko chini kwa bibi yake, wakati wa kupalilia.

Mzee alimtoboa mtoto kidole, akapaka damu kwenye kioo, na jioni ile darubini ilionyesha vimelea tele. Lakini hatukungoja jioni. Kwa kuhofia hali yake, mjomba wake alimbeba mgongoni asubuhi ile ile mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Alipona. Miaka mingi baadaye nilimwona sokoni akiwa mama mwenye mtoto wake. Yeye hanijui, nami sikujitambulisha.

Kwenye fomu yangu nyumba ile ilikuwa na sifuri. Nimekuwa nikiifikiria sifuri hiyo tangu siku ile.

Hali ya leo

Taasisi ya Amani iliingia katika mikono yetu wenyewe. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, mwaka 1979, na Profesa Wen Kilama akawa mkurugenzi mkuu wake wa kwanza. Moshi yenyewe ilikuwa imepata hospitali ya KCMC mwaka 1971, ambayo ilikua ikawa kituo cha utafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa taasisi hizo wakishirikiana na wenzao wa London na Copenhagen walichagua vijiji kwa kufuata miteremko ya Kilimanjaro, Upare na Usambara, toka tambarare hadi juu, na wakapima damu za watu. Walikuta kile walichosema wazee: kadiri unavyopanda ndivyo vimelea vinavyopungua. Walikuta pia kwamba vijiji viwili vya mwinuko mmoja vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo mwinuko peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Katika vijiji hivyo hivyo walionyesha, mwaka 2005, kwamba kinga iliyomo katika damu za watu wa rika mbalimbali inaweza kueleza jinsi malaria ilivyokuwa mahali hapo miaka mingi iliyopita.

Tangu hapo mambo yamebadilika kwa heri. Vyandarua vyenye dawa vilienea, hasa baada ya mpango wa Hati Punguzo kuanza mwaka 2004, na dawa ya mseto ikafuata. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Kilimanjaro watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea hawakufika 1 katika kila 100, wakati kwa Tanzania Bara yote walikuwa kama 7.

Hizi ni habari njema, na ndizo zinazonitia wasiwasi. Mtu aliyekua bila malaria hana kinga nayo, na watu wetu husafiri kuliko zamani, kwenda Tanga, Morogoro na mikoa ya Ziwa. Wakirudi na homa huwakuta jamaa ambao wamekwisha kuamini kwamba kwetu haipo. Ramani inayosema sifuri ni lazima ipimwe tena, na kwa bidii kuliko ile inayosema mia, maana hakuna anayeitilia shaka. Nimekwisha kusikia kwa masikio yangu, katika vikao ambavyo sitavitaja, mtu akipendekeza kwamba fedha za kupima zipunguzwe kwa kuwa ugonjwa umekwisha. Wapare wa miaka ya 1960 wangeweza kumweleza huyo kilichotokea mabomba yalipowekwa chini.

Leo kazi yangu ni kupokea majedwali kutoka kata na vijiji na kuyatia katika taarifa. Kila ninapoona safu ya sifuri zilizonyooka vizuri, huwa nauliza swali moja: nani alikwenda? Vijana wa ofisini hunicheka, wanasema mzee ana shaka nyingi. Nawaacha wacheke, kisha nawaomba namba ya simu ya karani.

Wadogo zetu, siku hizi mnazo simu zenye ramani ndani yake, na satelaiti inaonyesha hata bati la nyumba ya jirani. Vitumieni vitu hivyo, ni neema ambayo sisi hatukuwa nayo. Lakini satelaiti haiwezi kumwona mtoto aliyelala karibu na jiko. Atakayemwona ni yule aliyevuka korongo.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa mkutano wetu wa mwaka huu. Klabu ya jiografia ya shule ianze kuchora ramani ya vitongoji vinavyozunguka shule: nyumba, visima, mifereji, na njia za kwenda zahanati, kwa ruhusa ya wenyeviti wa vitongoji na kwa heshima ya wenye nyumba. Sisi wanafunzi wa zamani tuchangie vifaa. Mimi naanza kwa jozi kumi za mabuti ya mvua, na mwenye kuweza aongeze. Wanafunzi watakaoyavaa wayarudishe yakiwa na matope.